Mkulima mwepesi wa kuumia asipatane bei barabarani

WAPO wakulima na wafanyabiashara wadogo ambao mnunuzi akipandisha sauti tu, wao hukubali bei yoyote ili yaishe. Nawafahamu vizuri kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, baba aliugua, akaniachia kazi ya kuuza magunia 20 ya viazi mviringo kijijini kwetu Njombe. Dalali alikuja na vijana wanne, lori likinguruma pembeni. Alinicheka mbele ya watu kwamba wasomi hawajui biashara, akajifanya anaondoka, akarudi, akasema mvua inakuja na lori halisubiri mtu. Moyo ulinienda mbio kiasi kwamba nilishindwa kupiga hesabu ambayo darasani ingenichukua dakika moja. Nikakubali lumbesa. Gunia moja lililokosa nafasi kwenye lori tulilipima jioni kwa jirani: kilo 130. Ikiwa mengine yalikuwa hivyo hivyo, nami nililipwa bei ya gunia la kilo 100, basi nilitoa karibu kilo 600, yaani karibu magunia sita, bure. Baba hakunigombeza. Aliuliza tu kama nimekula, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa miaka mingi nilidhani huo ni woga. Baadaye nikasoma habari za Elaine Aron, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwaka 1996 alitoa kitabu kuhusu watu wenye wepesi mkubwa wa kuhisi. Alikadiria kuwa ni kati ya 15 na 20 katika kila watu 100. Watu hao hulitafakari jambo kwa kina, huchoshwa haraka na kelele na haraka za watu, huguswa sana na hali za wenzao, na huona mambo madogo ambayo wengine huyapita. Anasisitiza kuwa si ugonjwa, bali ni tabia ya kuzaliwa nayo.

Sasa, katika semina zetu za wakulima ushauri huwa ni mmoja: kuwa jasiri, simama imara, usiogope dalali. Mimi sikubaliani nao. Mapatano ya barabarani hayamlipi mwenye viazi bora, yanamlipa anayevumilia matusi kwa muda mrefu zaidi. Kwa nini mkulima ajifunze kuvumilia matusi, wakati anaweza kuyahamisha mapatano yenyewe?

Wenye maduka walilijua hili zamani. Kile kibao cha "Leo pesa, kesho mkopo" wengi hukiona ni mzaha, lakini kinafanya kazi kubwa: kinamkatalia jirani kabla mwenye duka hajalazimika kumtazama usoni. Hali kadhalika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005 na ukaanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007. Korosho zikiwa ghalani zimeshapimwa, wanunuzi hushindana kwa zabuni, na hakuna wa kumfokea mkulima mmoja mmoja. Tangu mwaka 2024 minada ya korosho imekuwa ikifanyika kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Najua malalamiko ya makato na ya malipo kuchelewa, na mengine ni ya haki kabisa. Hata hivyo, kwa mtu wa aina yangu, mnada usio na makelele una thamani yake katika fedha.

Wepesi huu una faida yake pia, hasa kwenye mifugo. Mfugaji wa namna hii husikia mlio wa vifaranga umebadilika usiku, akaenda kuwakuta wamerundikana kwa baridi kabla hawajaanza kufa. Muuza duka wa namna hii humkumbuka mteja na mahitaji yake. Ila nisieleweke vibaya: anayeshindwa kudai deni lake mwaka mzima kisha akasingizia moyo wake, huyo anajidanganya. Aandike deni siku ile ile, deni likiwa bado dogo, na kudai amtume mtu mwingine.

Msimu uliofuata tulinunua mizani ya kuning'iniza. Bei ya kilo niliiandika kwenye boksi usiku uliotangulia, nikiwa nimetulia na nimeshawapigia simu watu wawili wa sokoni Dar es Salaam. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, hivyo magunia nilishona ya kilo 100 na si zaidi. Dalali yule yule alipofika na kuanza kelele zake, sikujibu kitu, nilimwonyesha mizani na boksi. Mikono ilinitetemeka. Aliondoka bila kununua, na usiku ule sikulala. Alirudi siku ya tatu, akapima.