Mashini ya motokari yapaa angani

Motokari ikizimika njiani, abiria hushuka, huisukuma kando, na fundi hufunua mashini huku wenziwe wakimngoja kivulini. Angani hakuna kando. Ndiyo sababu mhariri mmoja wa gazeti la mafundi huko Marekani aliandika zamani kwamba mashini ya motokari haifai kurusha ndege.

Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove katika Minnesota, hakukubali. Mashini za ndege zilikuwa ghali mno kwake, lakini motokari ya Ford Model A ilikuwa na mashini rahisi ya silinda 4, yenye nguvu za farasi 40. Mwaka 1929 aliifunga katika ndege aliyoiunda mwenyewe kwa mbao na kitambaa, akaiita Air Camper. Nayo ikabeba watu wawili. Kisha akaruka hadi kwa mhariri yule, ajionee kwa macho yake.

Alifaulu kwa nini? Rafadha, yaani lile panga la mbele linaloivuta ndege, ikizungushwa kasi mno, ncha zake hukaribia mwendo wa sauti. Hapo hupiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Mashini nyingi za motokari za leo hutoa nguvu zake zote zikizunguka mara 5,000 na zaidi kwa dakika. Hizo huhitaji gia za kupunguza mwendo, nazo gia ni uzito, tena ni kitu kingine cha kuvunjika. Ile ya Ford yatosheka na mizunguko 2,200. Pietenpol aliondoa gurudumu zito la nyuma yake, akaigeuza mashini, akaifunga rafadha palepale. Rejeta ya maji aliisimamisha mbele ya macho ya rubani, jambo ambalo sisi, kusema kweli, lisingetupendeza.

Lakini kijana mwenye motokari mbovu uani asikimbilie spana. Barabarani mashini hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ndege hutaka zote wakati wa kupaa, na sehemu kubwa muda wote wa safari. Tena mashini za kawaida za ndege zina plagi mbili kwa kila silinda, kila moja na moto wake, hata moja ikifa nyingine iendelee. Ford ile ina moja tu. Kwa hiyo rubani wa Air Camper, hata akiwa mtu wa sala nyingi, hutafuta daima kwa macho shamba tambarare lililo karibu.