Kuuliza "Ni Wewe Kweli?" Si Kukosa Adabu



Msimu wa harusi ukifika hapa Bagamoyo, na njia nzima ya Kiromo, Zinga hadi Mapinga, simu inafanya kazi kuliko cherehani. Vipimo vinatumwa WhatsApp, picha za vitambaa zinatoka Kariakoo, michango ya kamati inaingia kwa simu. Sisi mafundi tunashukuru, maana mteja wa Unguja anachagua mshono bila kupanda boti. Lakini matapeli nao wanapita njia hiyo hiyo, na wanachokitaka kwanza ni jina lako. Wakishalipata, pesa wataiomba kwa wanaokupenda.

Hila ya kwanza ni ya namba sita. Unapata ujumbe kutoka kwa shoga yako, ambaye akaunti yake imeshaibiwa: "Kuna namba sita zimekuja kwako kimakosa, nitumie." Ukizituma, WhatsApp yako inahamia kwa tapeli. Muda si mrefu kamati nzima inasoma ujumbe wenye picha yako: "Michango tumieni namba hii, laini yangu ina tatizo." Shangazi anatuma, wifi anatuma.

Ya pili ni kurasa feki. Mtu anachukua picha za kazi ya fundi, anafungua ukurasa wa Instagram kwa jina linalofanana na la fundi huyo, anapokea malipo ya awali ya gauni, kisha anapotea. Bibi harusi analia wiki ya nikaha, na fundi analaumiwa kwa oda asiyoijua.

Ya tatu ni kidole. Tangu 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, hivyo tapeli anahitaji kidole cha mtu. Msajili asiye mwaminifu anakwambia "hakijasoma, rudia," kumbe anasajili laini nyingine kwa namba yako ya NIDA. Laini hiyo ikitumika kuiba, anayetafutwa ni wewe.

Maoni yetu ni haya: wanawake wa pwani hatuponzwi na ujinga, tunaponzwa na adabu. Tumelelewa kutomhoji mkubwa. Mama mkwe mtarajiwa akituma ujumbe wa kuomba laki moja, nani atathubutu kumpigia kumuuliza kama ni yeye? Tunasema dhana mbaya ni dhambi. Ni kweli, Sura ya Al-Hujurat inatukataza dhana mbaya. Lakini sura hiyo hiyo, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari tuliyoletewa tusije tukawadhuru watu bila kujua. Kwa hiyo kumpigia mama mkwe si kumtuhumu. Ni kulilinda jina lake, kwa sababu mwizi anaombea pesa kwa jina lake.

Basi kila nyumba yenye harusi ianze hivi. Kamati itangaze namba moja ya michango na jina la mwenye namba, ana kwa ana, na ikibadilika mweka hazina apige simu asikike sauti. Kabla ya kuthibitisha muamala, soma jina linalotokea. Namba za siri zinazokuja kwa ujumbe usimpe mtu, hata dada yako. Ndani ya WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifutwe. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Fundi mpya mpigie kwa video akuonyeshe kazi iliyo mezani kabla hujalipa.

Na sisi wenye biashara tuna deni letu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika 1 Mei 2023, na picha ya bibi harusi si tangazo letu mpaka aridhie. Vipimo vyake, namba yake na sura yake ni amana, kama kitambaa alichotuachia.

La mwisho, aliyetapeliwa tusimcheke. Aibu inamfanya anyamaze, na akinyamaza tapeli anahamia nyumba ya pili na ujumbe ule ule. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo tumsindikize polisi akaripoti, kisha tuwaarifu jamaa zake wasitume kitu.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu na ayahifadhi majina yenu. Amin.