Mthamini Mwanafunzi Asiachwe Peke Yake



Nataka kutoa maoni yangu juu ya malezi ya vijana wanaojifunza kazi ya uthamini wa ardhi.

Hapa Nyamongo, tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, neno "fidia" linajulikana hata kwa watoto wa darasa la kwanza. Ardhi ikihitajiwa, nyumba, migomba na mihogo ya mwananchi huhesabiwa na kutiwa bei. Kosa la kalamu siku hiyo ni hasara ya ukoo mzima.

Nimepata kushuhudia kazi hiyo kwa jirani yangu. Aliyehesabu alikuwa kijana mwenye adabu, bado anajifunza. Mkubwa wake alibaki ndani ya gari barabarani. Kijana alikuta nyumba ya zamani iliyokandikwa upya, akaiandika kuwa "tegesha", yaani jengo la haraka la kuvizia fidia. Mzee alilalamika, lakini jioni fomu ilitiwa saini garini.

Simlaumu kijana. Tegesha ipo, nasi wenyeji tunaijua. Lakini kuitofautisha na makazi ya kweli kunataka jicho lililozoea: kutazama masizi ya jikoni na kizingiti kilicholika, na kuuliza majirani. Hayo hufundishwa na mkubwa aliyesimama kando yako. Asiyeongozwa atawashuku wote au atawakubali wote, na kwa vyovyote haki hupotea.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya kusajili wataalamu hawa. Shahada peke yake haimfanyi kijana kuwa mthamini kamili. Hana budi kwanza kufanya kazi chini ya aliyesajiliwa. Shabaha ni njema. Lakini usimamizi wa saini tu si usimamizi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa kipindi kizima, kisha akanionyesha makosa yangu. Ikiwa mwalimu wa hesabu za kuzidisha alisimamiwa hivyo, je, anayekadiria jasho la mtu la miaka thelathini?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, msimamizi afike shambani na kutia saini hapo hapo, mbele ya mwenye mali. Pili, jina lake na namba yake ya usajili viandikwe kwenye nakala anayopewa mwananchi. Tatu, kabla ya kumsajili kijana, Bodi ikague daftari la kazi zake na kumhoji msimamizi wake alimfunza nini.

Fundi hulelewa na fundi. Tukiwaacha vijana hawa wajifunzie juu ya mashamba yetu, karo tutailipa sisi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nyamongo, Tarime.