PUMU YA MTOTO: DAWA MBILI, KAZI MBILI

Ndugu mzazi, ni saa nane za usiku. Mtoto ameketi kitandani, mabega yamepanda, kifua chalia mluzi. Unambonyezea ile pampu ndogo ya buluu, naye anatulia. Asubuhi anakwenda shule, nawe kazini, na shauri limekwisha. Hapo ndipo tukosapo wengi wetu.

Pumu haiondoki pamoja na mluzi. Mirija ya hewa ya mtoto huyu huwa imevimba ndani hata siku anapocheza mpira. Mafua, vumbi la godoro, moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma au sigara ya baba (toka nje, bwana, ingawa hata nguo zako hurudi na moshi) huikuta katika hali hiyo, ikajibana zaidi. Salbutamoli, yaani dawa ya pampu ya buluu, hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache tu; uvimbe haiuondoi.

Uvimbe ni kazi ya dawa ya pili, kama vile beklometasoni, ambayo mara nyingi huwa katika pampu ya kahawia. Hiyo huvutwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mtoto akiwa mzima, kisha asukutue kinywa. Wazazi huiacha wakisema amepona, au wakiogopa ataizoea. Dawa hii haina uraibu. Ikiwa ile ya buluu yahitajika zaidi ya siku mbili kwa juma, pumu haijatulia. Mrudishe kwa daktari.

Tena, dawa nyingi huishia ulimini, kwa kuwa mtoto hawezi kuvuta pumzi papo hapo unapobonyeza. Mwaka 1999 Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili pampu iingie bila kuvujisha hewa, yafaa sawa na chombo kinachouzwa dukani. Tikisa pampu, bonyeza mara moja. Mtoto, midomo ikibana shingo ya chupa, avute na kutoa pumzi mara tano au sita. Ndipo ubonyeze tena.

Lakini mtoto asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye nyama za mbavu zaingia ndani au midomo na ulimi vyageuka buluu, usingoje kuche. Mpeleke hospitali ukiendelea kumpa dawa ya buluu njiani. Na mluzi ukinyamaza ghafla ilhali bado ahangaikia pumzi, hiyo si nafuu: hewa imekaribia kukosa njia.