AFYA YA JAMAA: Ngoma Ndani ya Kichwa

Mama moja wa Nyangwe anauliza: "Kijana wangu alirudi toka machimbo ya dhahabu, upande wa Kabambare. Halali usingizi, anaogopa watu, anasema anasikia sauti. Majirani wanasema ni uchawi. Tufanye nini?"

Pole sana, mama. Tutazame kwanza kazi ya ubongo.

Nyuma ya paji la uso iko sehemu ya ubongo inayotusaidia kupima mambo na kujizuia. Seli zake zinapashana habari kwa vitu ambavyo mwili wenyewe unavitengeneza. Kimoja kinaitwa glutamati. Hicho ni kama ngoma ya mji: ikilia, seli ya jirani inaamka na kupeleka habari mbele. Kingine kinaitwa serotonini. Hicho ni kama mzee anayemwambia mpiga ngoma: "Ongeza," ao "Punguza."

Namna gani mzee moja anasema maneno mawili? Sababu seli zina milango mbalimbali. Serotonini ikigonga mlango unaoitwa 2A, ngoma ya glutamati inaongezeka. Ikigonga mlango wa 1A, seli inatulia. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Marekani, Aghajanian na Marek, walionyesha kule kuongezeka katika vipande vya ubongo wa panya.

Wataalamu wanafikiri kwamba mizani hiyo ikiharibika, inaweza kuwa na sehemu yake katika magonjwa ya akili. Lakini si hiyo peke yake: woga wa vita, bangi na pombe vinaleta taabu pia. Dawa kama risperidoni zinafunga mlango wa 2A, pamoja na milango ya kitu kingine, dopamini.

Basi mama, usikubali wamfunge kamba wala wampige. Mpeleke upesi kwa munganga. Apime kwanza malaria, sababu homa nayo inaweza kuvuruga akili. Mwambieni munganga ukweli kama kijana anavuta bangi. Akipewa dawa, asiache kwa sababu amejisikia vizuri. Munganga ndiye atasema. Ikiwa lopitalo ya Kasongo inaona ni lazima, Bukavu iko SOSAME, nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili.

Nanyi vijana: mwenzenu akivunjika mguu shimoni, mnambeba. Akivurugika kichwa, mbona mnamcheka? Mbebeni vilevile.