FAIDA YA KAUNTA NA UJIRA WA MHUDUMU



Msafiri anayetoka Nyakanazi kwa barabara kuu, akapita Lusahunga na Nyakahura hadi Benaco na Rusumo, hukuta migahawa yenye baa kila mahali malori yanapoegeshwa. Biashara hii si ngeni kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi, Benaco iligeuka kuwa kama mji mkubwa, na biashara ya vinywaji ikafuata watu. Wakimbizi walirudishwa kwao Desemba 1996. Malori yaliendelea kupita, na baa zikaendelea kuwangojea madereva.

Hatuandiki haya ili kulaani kinywaji. Bwana wetu alikaa arusini Kana, na katika nyumba zetu rubisi humpokea mgeni na kusindikiza mahari. Tunaloliuliza ni jambo moja tu: faida ya baa hutoka wapi?

HESABU ILIVYO

Kila mwenye baa anajua kupima mauzo yake. Huhesabu chupa alizoanza nazo asubuhi, huongeza zilizoletwa, kisha hutoa zilizobaki usiku. Tofauti ndiyo iliyouzwa, nayo huizidisha kwa bei. Fedha zilizomo katika droo zikiwa pungufu, pengo hilo huitwa shoti, na kwa desturi ya wengi hukatwa katika mshahara wa mhudumu.

Tuchukue mfano, usio wa baa yoyote mahususi. Mwenye baa ananunua chupa 2,480 kwa shilingi 2,000 kila moja, yaani shilingi 4,960,000. Zinauzwa chupa 2,400 kwa shilingi 2,500, zinaingia shilingi 6,000,000. Chupa 80 hazionekani. Ziada ni shilingi 1,040,000. Atoe pango, umeme, leseni, ushuru na mlinzi, tuseme shilingi 600,000, zinabaki 440,000. Wahudumu wawili walikubaliana naye shilingi 200,000 kila mmoja. Akiwalipa kama walivyopatana, faida yake ni shilingi 40,000 tu.

Lakini hawalipi hivyo. Anazidisha chupa 80 kwa bei ya kuuzia, anapata shilingi 200,000, naye anamkata kila msichana 100,000. Sasa anajitangazia faida ya shilingi 240,000. Basi tutazame vizuri: katika kila shilingi 6 za faida hiyo, shilingi 5 zimetoka katika ujira wa wasichana wawili. Aidha, chupa zile 80 zilimgharimu 160,000, naye ametoza 200,000. Hata hasara yake ameiuza kwa faida! Biashara ya namna hii kwa kweli haina faida. Ina mishahara isiyolipwa.

TULIYOYAONA KWETU WENYEWE

Hatuna haki ya kumnyoshea jirani kidole kabla ya kujitazama. Katika parokia moja ambayo baadhi yetu tuliihudumia, ukumbi ulikuwa na mgahawa uliouza soda na bia ili kupata fedha za kukarabati paa. Mhudumu wake, binti aliyemtunza mtoto wake pamoja na mama mzee, alikatwa shoti kwa miezi minne mfululizo. Mwezi wa tano halmashauri ya walei ikapendekeza afukuzwe kwa wizi.

Kabla ya kupiga kura, mjumbe mmoja, mama wa makamo asiyezoea kusema sana, aliomba daftari la stoo lisomwe tarehe kwa tarehe. Likasomwa. Ikaonekana kwamba shoti haikutokea siku za mnada wala sikukuu, wakati wateja wanapojaa, bali siku za vikao vyetu. Baada ya kila kikao tulikuwa tukiagiza vinywaji na kusema viandikwe, wala hakuna aliyeandika, wala aliyelipa. Binti hakuthubutu kumdai padre, wala kumdai mwenyekiti. Tulikuwa tumeunywa mshahara wake, kisha tukaketi kumhukumu kuwa mwizi.

Tulimrudishia fedha zake na kumwomba radhi mbele ya halmashauri ile ile. Hata hivyo, alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wake wawili ili kulisha nyumba, na radhi yetu haikuwarudisha.

SHERIA NA MAFUNDISHO

Wapo watakaosema kwamba wahudumu wengine huiba kweli. Ni kweli, wapo. Ndiyo maana sheria haikatazi kufidia hasara. Inadai kwanza kosa lithibitishwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mwajiri asikate fedha za hasara pasipo ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu yake, kiasi chake na jinsi alivyokihesabu, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Katika mfano wetu, robo ni shilingi 50,000, lakini kila msichana alikatwa mara mbili yake. Sheria hiyo hiyo yaagiza nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Ni kaunta ngapi zinazoyatimiza haya?

Mafundisho ya Kanisa ni ya kale kuliko sheria hiyo. Torati yakataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri hadi asubuhi, na Mtume Yakobo asema kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele mbele za Mungu. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi kuuhalalisha, ikiwa mshahara huo haumwezeshi mfanyakazi kuishi.

Tena lipo lisemwalo kwa sauti ya chini: kwamba mhudumu hahitaji mshahara mkubwa, kwa kuwa wateja watamwongezea. Sote tunajua maana ya maneno hayo. Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, nasi tumezika wengi. Anayemlipa msichana nusu ya ujira na kumwachia dereva wa usiku nusu iliyobaki, asishangae baadaye kwa nini kijiji kina yatima.

YATUPASAYO

Kwanza, hesabu ya chupa ifanywe kila zamu inapobadilishana, mhudumu na mwenye mali wakiwapo wote wawili, na wote watie sahihi. Pili, kinywaji cha mwenye baa, cha ndugu zake na cha wageni wake kiandikwe siku hiyo hiyo kwa jina lake. Tatu, chupa iliyovunjika ihifadhiwe na kuonyeshwa, nayo ihesabiwe kuwa gharama ya biashara kama umeme ulivyo. Nne, mshahara uandikwe katika daftari kabla ya faida. Kisicholipa mshahara kisiitwe faida. Mhudumu anayeonewa ana haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nasi tuwe tayari kufuatana naye.

Parokia na taasisi zetu zenye kantini zianze. Hatuwezi kuyahubiri haya Jumapili huku madeni yetu ya Jumamosi hayajaandikwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika kijiji au mji wetu, ni nani hubeba hasara ya baa, na kwa nini?

2. Je, yupo kati yetu anayedaiwa kinywaji ambacho mhudumu amekatwa? Atalipa lini?

3. Jumuiya yetu imsaidieje msichana anayeogopa kumdai mtu mkubwa?