Ua wa Milozi wa Van Riebeeck

Kwa miaka mingi watawala Makaburu wa Afrika ya Kusini waliadhimisha tarehe 6 Aprili kuwa sikukuu ya kumkumbuka Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyetia nanga Table Bay siku hiyo mwaka 1652. Walimtia hata katika noti zao. Na ajabu ya mambo, sura waliyoichapa haikuwa yake, bali ya Mholanzi mwingine, Bartholomeus Vermuyden. Sikukuu hiyo ilikoma utawala wa Wazungu wachache ulipoanguka mwaka 1994. Sisi hatubishanii sura. Tunayatazama matendo ya mtu huyo, maana yanaonyesha jinsi nchi inavyoporwa kidogo kidogo.

Van Riebeeck alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, aliyekwisha kurudishwa kwao kutoka Asia kwa kosa la kujifanyia biashara ya binafsi. Huko Rasini alitumwa kazi ndogo: ajenge ngome, alime mboga, anunue ng'ombe na kondoo kwa Wakhoikhoi, ili mabaharia waendao Asia wasife kwa kiseyeye. Kampuni haikumwagiza kuanzisha koloni.

Lakini mboga zataka shamba, na shamba lataka mikono. Mwaka 1657 watumishi tisa wa Kampuni waligawiwa mashamba kando ya mto Liesbeek, katika malisho ya Wakhoikhoi. Mwaka 1658 meli ya Amersfoort ikashusha watumwa kutoka Angola. Mwaka huohuo Autshumato, mkalimani wa Kikhoikhoi, alipelekwa kifungoni Robben Island, kisiwa kilekile alichokuja kufungwa Nelson Mandela. (Autshumato alitoroka kwa mashua mbovu.) Basi katika miaka sita tu, bustani ya mboga ilikwisha kuwa na walowezi, watumwa na gereza.

Wakhoikhoi walishika silaha mwaka 1659. Kiongozi wao, Doman, alikwisha kukaa Java pamoja na Waholanzi, akajua kwamba bunduki zao hazilii zikilowa. Kwa hiyo alichagua kupigana siku za mvua. Walipoketi kufanya suluhu mwaka 1660, walimwuliza Van Riebeeck swali ambalo yeye mwenyewe aliliandika katika kumbukumbu zake: je, wao wangekwenda Uholanzi, wangeachiwa kutenda kama haya? Jibu lake lilikuwa kwamba ardhi imekwisha kuchukuliwa kwa vita, na Waholanzi wataishika.

Wakaomba basi waruhusiwe angalau kuingia kuchuma lozi mwitu na kuchimba mizizi, chakula chao cha kipupwe. Wakakataliwa hata hilo. Lozi zenyewe, Van Riebeeck alieleza, zilihitajiwa kuwa mbegu za ua wa kuwazuia wao na mifugo yao wasiingie. Tumesoma habari nyingi za ukoloni, lakini hatukumbuki nyingine ambamo chakula cha wenyeji kilipandwa ardhini ili kiwe ukuta wa kuwafungia nje ya nchi yao.

Van Riebeeck aliondoka Rasini mwaka 1662, akapewa cheo Malacca, akafa Batavia mwaka 1677. Ngome yake ya udongo haipo tena. Lakini sehemu ya ule ua wa milozi ingali hai katika bustani ya Kirstenbosch, mjini Cape Town.